Safu ya Lugha: Mshipi si ndoana

Mshipi ni uzi wa kuvulia samaki. Ndoana, au ndoano, ni chuma kidogo kilichopinda kinachofungwa mwishoni mwake. Habari na hadithi za siku hizi huyachanganya maneno haya. Huandikwa kwamba mtu alishinda ukingoni mwa mto, mvua ikimnyeshea, “ameshika ndoana”. Anayevua hashiki ndoana: iko majini, imefichwa ndani ya chambo. Mkononi ana mshipi, au ufito uliofungwa mshipi, na ni kupitia uzi huo ndipo anapohisi samaki akidonoa. Ukisahauliwa mshipi, hupotea utulivu wote wa kazi hiyo, maana mvuvi wa mtoni huingoja habari kwa vidole.

Neno mshipi lina maana nyingine ya zamani, ukanda wa kiunoni, nayo ni sahihi vilevile. Lisiloruhusiwa ni “mshipa wa kuvulia”, kwani mshipa hupitisha damu.

Chubwi ni kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Chambo ni chakula cha kumvutia samaki, kama nyungunyungu, ambao mvua huwatoa ardhini. Maji yakichafuka, kambare hukitafuta kwa harufu na kwa sharubu zake.

Kuvua kwa mshipi kutofautishwe na kutega. Mwenye mgono, yaani mtego wa samaki, huutega, akaondoka, akarudi kesho yake. Mwenye mshipi hubaki papo hapo, hata akiloa chepechepe. Kunasa ni tendo la mwisho tu, samaki anaposhikwa na ndoana.