NENO LA BAHARI: UNDUGU WA NENO FUPI KATIKA LUGHA ZA KIKELTI NA ZA KISLAVI

Katika kazi ya kuunda istilahi, hoja mbili huzuka mara kwa mara. Ya kwanza yadai kwamba maneno yanayofanana kwa sauti hayana budi kuwa na asili moja. Ya pili yadai kwamba neno lapasa kutumiwa kwa maana ya asili yake tu. Hoja zote mbili zaonekana kuwa za kitaalamu, na zote mbili zaweza kumpotosha mfasiri. Historia ya neno moja fupi la Ulaya, lenye maana ya bahari, yatosha kuzipima.

Katika lugha za Kikelti, Kieire huiita bahari muir, Kiwelisi môr na Kibretoni mor. Katika lugha za Kislavi, Kirusi husema more, Kipolandi morze na Kicheki moře. Kilatini nacho kilisema mare. Lugha hizi zote ni matawi ya ukoo mmoja wa Kihindi-Kiulaya, ambayo yalitengana maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa upande wa Wakelti, ushahidi wa kale watoka Gallia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa. Julius Caesar, aliyepigana huko kuanzia mwaka 58 K.K., alitaja kabila la Morini, waliokaa pwani inayoelekeana na Uingereza. Alitaja pia nchi zilizopakana na bahari kuu, akaeleza kwamba wenyeji wenyewe waliziita Aremorica. Maana ya jina hilo twaijua kwa msaada wa orodha fupi ya maneno ya Kigalia yenye tafsiri za Kilatini, ambayo Stephan Endlicher aliichapisha huko Vienna mwaka 1836. Orodha hiyo yalipasua jina vipande viwili: are ni “mbele ya”, na more ni “bahari”. Hivyo kazi ndogo ya mwandishi asiyejulikana imehifadhi jambo ambalo vitabu vikubwa vya vita havikulieleza kwa ukamilifu.

Waslavi nao waliunda majina kwa njia iyo hiyo. Pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki huitwa Pomorze kwa Kipolandi, yaani nchi iliyo kando ya bahari. Wajerumani wakalipokea jina hilo wakasema Pommern. Warusi huiita nchi ya Vladivostok Primorye, yaani nchi iliyo karibu na bahari. Pri hiyo ya Kirusi na are ya Kigalia zatokana na shina moja, kwa sababu lugha za Kikelti ziliipoteza sauti p mwanzoni mwa maneno. Ndiyo maana baba huitwa pater kwa Kilatini, bali athair kwa Kieire. Kwa hiyo Aremorica na Primorye ni majina pacha, ingawa kila moja liliundwa peke yake. Msemaji wa Kiswahili hatastaajabu, kwani jina la lugha yetu nalo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani.

Hata hivyo, sauti peke yake ni shahidi mdhaifu. Kieire kina neno mór, lenye maana ya “kubwa”, ambalo halina undugu wowote na muir. Kirusi kina neno mor, lenye maana ya “tauni”, ambalo shina lake ni lile la kufa, wala si la bahari. Ndugu wa kweli wa mór amejificha kwingine: ni kipande cha mwisho cha jina Vladimir, ambacho katika umbo lake la kale kilikuwa -měrŭ, yaani “mkuu”. Maneno yanayofanana yametokea kuwa wageni, na yasiyofanana yametokea kuwa ndugu. Kinachoamua ni kanuni za mabadiliko ya sauti zinazojirudia katika maneno mengi.

Maana nayo haifungwi na asili. Neno hili hili, katika tawi la Kijerumani, limekuwa Meer, “bahari”. Kwa Kiholanzi meer ni “ziwa”. Mwaka 1932 Waholanzi walipokamilisha ukuta wa kuziba ghuba ya Zuiderzee, maji yake yalitengwa na bahari, na jina likabadilishwa kuwa IJsselmeer. Mfasiri anayeandika “bahari” hapo kwa kutegemea Kijerumani atakuwa amekosea, hata kama asili ya neno ni moja. Kadhalika bahari yetu yatoka kwa Kiarabu bahr, neno ambalo katika Sudan Kusini hutumika hata kwa mto, kama Bahr el Ghazal. Sisi tulilipokea tukaliwekea mpaka wetu, na hakuna Mswahili auitaye mto bahari.

Basi tunapopendekeza istilahi, asili ya neno na itusaidie kujua lilikotoka na njia liliyopita. Lakini maana yake itaamuliwa na watumiaji wake, na mipaka yake itawekwa kwa makubaliano. Kamusi inayosahau jambo hilo itakuwa na nasaba nzuri na tafsiri mbaya.