Ripoti Fomu ya Mheshimiwa

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa Lodwar, nimekaa kwenye kivuli cha duka karibu na stendi, simu imebaki na chaji kidogo. Kwenye grupu letu la WhatsApp ikaingia orodha ya wabunge, jina kwa jina, nani amesema ndiyo na nani amesema la kwa Muswada wa Fedha. Ndiyo 195, la 106. Sisi sote tukashuka nayo haraka tukitafuta watu wetu. Mjomba, ambaye huuza mbuzi na hana haja na WhatsApp, akauliza tunasoma nini. Nikamwambia ni ripoti fomu ya wabunge.

Akafikiria kidogo. "Na zile siku nyingine wanapiga kura, ripoti yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu, na bado linanisumbua. Ukweli ni kwamba siku nyingi haiko. Katika bunge letu Spika huuliza wanaokubali waseme ndiyo, kisha wanaopinga waseme la, halafu anasikiliza upande upi una sauti kubwa na kutangaza. Basi, imepita. Hakuna jina linaloandikwa. Kura ya jina kwa jina hupigwa pale katiba inapolazimisha idadi fulani ya kura, au wabunge wa kutosha wakisimama kuidai. Ile orodha tuliyoisambaza ilikuwepo kwa sababu siku hiyo kura zilihesabiwa mmoja mmoja. Kama ingekuwa kelele tu, kesho yake kila mmoja angekuja nyumbani kwao na kuapa kwamba alipinga.

Marekani mchezo ni tofauti. Kule kura za majina ni nyingi, kwa hiyo kuna mashirika yanayoishi kwa kuzipima. Americans for Democratic Action, lililoanzishwa 1947, huchagua kura 20 za mwaka na kumpa kila mbunge asilimia: alikuwa nasi mara ngapi? League of Conservation Voters hufanya hivyo kwa mambo ya mazingira tangu miaka ya 1970. Ujanja wote uko pale mwanzoni, kwenye kuchagua zile kura. Anayechagua maswali ya mtihani huwa ashaamua nusu ya matokeo.

Kenya hatukuwa na maswali wala majibu. Mwaka 2005 tovuti ya bunge ilizimwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani. (Ndiyo, CV zao wenyewe.) Vijana wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, wakaanzisha Mzalendo ili mwananchi aone mbunge wake anafanya nini. Kura zikiwa hazina majina, Mzalendo ikahesabu kilichopo: maneno. Hansadi huandika kila anayesimama kuongea, basi unahesabu nani kaongea mara ngapi, na mwisho wa mwaka inatoka orodha ya wanaong'aa na wale mabubu. Magazeti huipenda sana hiyo ya mabubu.

Wabunge nao wana utetezi wao: kazi halisi iko kwenye kamati, si ukumbini. Si uongo kabisa, ingawa ajabu ni kwamba utetezi huo hutoka zaidi kwa waliokosa alama. Uganda walijaribu kurekebisha hilo. Kuanzia 2007 Africa Leadership Institute ilitoa ripoti iliyopima ukumbi, kamati na kazi za jimboni, ikaenda hadi vijijini kuwaeleza wapiga kura. Watafiti waliofuatilia waligundua kwamba watu walielewa vizuri na hata kubadilisha maoni yao kuhusu mbunge, lakini uchaguzi wa 2011 ulipofika, ripoti haikutikisa matokeo kwa kiasi cha maana.

Nikirudi Turkana, hesabu ya maneno inanipa shida nyingine, ya zamani zaidi. Wakoloni waliifunga wilaya hii. Mgeni hakuingia bila kibali. Ndiyo maana ilifaa kuficha watu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kaskazini mwa hapa, kisha mwaka 1959 akaletwa Lodwar, akawekwa kizuizini hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Juni 1958, akiwa bado Lokitaung, Oginga Odinga alisimama katika baraza la kutunga sheria kule Nairobi na kusema kwamba waliofungwa bado ni viongozi wa Waafrika mioyoni mwao. Alizomewa, na hata baadhi ya wenzake Waafrika wakajitenga naye. Miaka 3 baadaye Kenyatta alikuwa huru, na siasa ya nchi nzima ilikuwa imegeuka kumfuata Odinga pale alipokuwa amesimama. Sasa kwa hesabu ya kisasa, hiyo ni hotuba moja. Alama moja, sawa na ya mtu aliyesimama kumpongeza Spika kwa kurudi salama kutoka safari.

Halafu kuna lugha. Hadi 1974 bunge liliongea Kiingereza peke yake, na mgombea alilazimika kuthibitisha anakijua. Kenyatta ndiye aliyeamuru Kiswahili kiingie. Katiba ya 2010 ikaongeza Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa mjomba wangu hayo yote ni mlango wa jirani. Mheshimiwa akija kukaa na wazee chini ya mti, akaulizwa maswali kwa Kiturkana asubuhi nzima, hiyo ndiyo hoja na majibu kamili, lakini hakuna karani wa kuandika. Wazee wanakumbuka. Hansadi haijui.

Mafuta ndiyo yaliyonifanya nione pande zote mbili. Machi 2012 mafuta yalipatikana kwenye kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Swali likawa: jamii ipate ngapi? Muswada uliopita bungeni mwaka 2016 uliipa jamii asilimia 10. Rais akaurudisha. Mei 2018 viongozi wa Turkana wakakaa na rais, wakatoka na asilimia 5 kwa jamii na 20 kwa kaunti, na ndivyo ilivyoandikwa katika Sheria ya Petroli ya 2019. Uamuzi mkubwa kuliko wote kuhusu ardhi yetu ulifanywa kwenye meza isiyo na Hansadi. Ukitaka kujua nani alipigania ile 10 na nani aliachilia mapema, utaambiwa hadithi, na kila hadithi ina shujaa wake. Hapo ndipo nilipoacha kucheka ripoti za kuhesabu maneno. Ni chombo butu, sawa, lakini angalau kinashika kitu. Ile meza ya 2018 haijaniachia hata kelele za ndiyo na la.

Mwezi uliofuata ule wa orodha nilipanda Probox kwenda Kakuma, kilomita kama 120. Nina rafiki kule, amezaliwa kambini na wazazi kutoka Sudan Kusini. Kambi ilianza 1992 kwa watoto waliokimbia vita bila wazazi; yeye ni kizazi cha baadaye, anajua siasa ya Kenya kuniliko mimi. Nikamwonyesha orodha. Akatafuta Turkana West, akaona jina, akanirudishia simu.

"Huyu ni wa kwako," akasema. "Mimi siko kwa hesabu."

Ni kweli. Jimbo lina mamia ya maelfu ya watu wasiopiga kura. Mbunge akiongea habari zao anapata alama; asipoongea, hakuna anayemnyima kura. Mwaka jana, 2025, mgao wa chakula ulipokatwa na watu wa kambi wakaandamana, nilimpigia simu. Aliniuliza kama kuna mtu aliyesema chochote bungeni, na kama alisema, je, kitaandikwa?

Nikaenda kusoma Katiba, kitu ambacho nilipaswa kufanya zamani. Kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Hakisemi kila raia. Ombi likikubaliwa husomwa ukumbini, likaingia Hansadi. Nikampigia tena nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nikasikia watoto wakicheza nyuma yake.

"Linaandikwa kwa Kiingereza ama Kiswahili?"

Yote mawili yanakubaliwa, nikamwambia.