Uraia wa Dunia Huanzia Mnazi Mmoja

Vijana wetu wa sekondari na vyuo huambiwa mara kwa mara kwamba yawapasa kuwa raia wa dunia. Hatuna ugomvi na neno hilo. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikiri udugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika. Swali letu ni jingine: udugu huo hujengwa vipi katika fikra na mwenendo wa kijana msomi? Ili kulijibu hatuna haja ya kwenda mbali. Historia ya Upanga na Kariakoo yatutosha.

Mkoloni aliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi. Wazungu walikaa penye upepo wa bahari. Wahindi walikaa katikati ya mji na baadaye Upanga. Waafrika waliwekwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya Kariakoo na mjini kiliachwa kiwanja cha Mnazi Mmoja ili kuwatenga watu. Shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Mtoto wa Upanga na mtoto wa Kariakoo walitenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, lakini hawakukaa dawati moja. Mwaka 1962 Serikali huru ilifuta mfumo huo wa elimu ya ubaguzi. Baadaye shule za Aga Khan za Upanga zikawa Tambaza na Zanaki, shule za watoto wa taifa zima.

Chuo Kikuu chetu nacho hakikuzaliwa Mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, na kilihamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU iliweka makao yake Dar es Salaam, na vyama vya wapigania uhuru, FRELIMO kikiwa kimojawapo, vilifungua ofisi hapa. Hivyo mwanafunzi wa mji huu aliweza kukutana barabarani na kijana wa Msumbiji au wa Afrika Kusini aliyeacha kwao ili kupigania uhuru. Dunia ilikuwa jirani yake.

Je, ujirani peke yake ulitosha? Historia yasema haukutosha.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Tarehe 15 Desemba Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Mkulima ambaye hakupata kuiona Rhodesia alilipa sehemu yake ya gharama hiyo.

Haukupita mwaka. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, pamoja na wenzao wa vyuo na sekondari kadhaa, waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwataka wasomi wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambapo kwa miezi 18 wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba heri ukoloni. Karibu 400 walifukuzwa masomoni. Hata hivyo walikuwa na hoja moja ya kweli: mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno. Mwalimu Nyerere aliikubali, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata.

Hapa ndipo penye somo. Kumtetea ndugu wa Zimbabwe hakukumgharimu mwanafunzi chochote. Kumtumikia ndugu wa kijijini kulimgusa mfukoni. Huruma kwa aliye mbali ni rahisi. Kipimo ni aliye karibu.

Wengine walijifunza. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika walianzisha USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni wa Uganda. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Walitoa pia jarida la Cheche. Novemba 1970 chama na jarida vilipigwa marufuku, kwa hoja kwamba Umoja wa Vijana wa TANU watosha. Sisi makada tujihoji: je, tunaweza kumlea kijana mwenye fikra za kimataifa huku tukiogopa maswali yake?

Leo msukuma mkokoteni wa Kariakoo hubeba bidhaa za China zinazonunuliwa na wafanyabiashara wa Kongo, Zambia na Malawi. Mwanafunzi wa Upanga huzisoma habari za dunia kwenye simu yake. Na avuke Mnazi Mmoja, amwulize msukuma mkokoteni huyo analipwa kiasi gani kwa mzigo mmoja, na nani hupata faida. Akilitafuta jibu hilo kwa dhati litamfikisha Lubumbashi na Guangzhou, na atafika huko akiwa ndugu wa wafanyakazi, si mtalii.