Ukungu ukutani: Anza na kiyoyozi, rangi baadaye

Mjini Morogoro neno ukungu lina maana mbili. Upo ule unaofunika vilele vya Uluguru asubuhi za masika, na upo huu mweusi unaoota ukutani chini ya kiyoyozi na kuacha harufu ya uvundo chumbani.

Safu ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kina urefu wa zaidi ya mita 2,600, huzuia upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi. Mvua nyingi huishia miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, na mji ulio upande wa pili hupata kidogo zaidi. Hivyo doa linalozidi kupanuka mwezi Agosti, mvua ikiwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, si la kulaumiwa paa. Maji hayo yanatoka ndani ya nyumba.

Kiyoyozi kinapopoza hewa, mvuke uliomo hugeuka matone, hudondokea kwenye trei iliyo ndani ya mashine, kisha hutoka nje kwa mpira mwembamba. Siku ya unyevu mwingi, mashine ya chumba kimoja inaweza kutoa lita kadhaa. Mpira ukizibwa na vumbi, utelezi au wadudu, trei hufurika na maji hushuka nyuma ya mashine bila kuonekana. Ndivyo inavyokuwa pia mashine ikifungwa ikiwa imeinamia upande usio na mpira, kosa ambalo fundi mwenye pima maji huligundua mara moja. Aidha, chujio likijaa vumbi au gesi ikipungua, barafu huganda ndani na kuyeyuka mashine inapozimwa.

Wengi hukinga ndoo, kisha hupaka rangi upya. Hiyo ni kupoteza fedha. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani ya plasta, na baada ya muda ukungu hurejea ukiwa umebandua rangi yenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilihusisha unyevu na ukungu wa majumbani na kikohozi, mzio na pumu. Mwenye pumu asilale katika chumba hicho, wala asipewe kazi ya kukisafisha.

Mpira ukishazibuliwa, ukuta uachwe ukauke kabisa, madirisha yakiwa wazi. Ukungu usikwanguliwe ukiwa mkavu, kwani vumbi lake husambaa nyumba nzima. Ulowanishwe, kisha usuguliwe kwa maji na sabuni, msafishaji akiwa amevaa barakoa na glavu. Anayetumia dawa ya klorini asiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ile ya chooni yenye asidi au yoyote yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ukuta wa saruji husafishika. Dari ya jipsamu iliyolowa na kuota ukungu hukatwa na kubadilishwa.

Mpangaji ni vyema ampige picha doa lenyewe, aandike tarehe na kumjulisha mwenye nyumba kwa maandishi kabla gharama hazijawa za dari nzima. Chujio huoshwa kila mwezi wakati wa matumizi makubwa, na mpira husafishwa kabla ya joto la Novemba.