Kipande: nani aliandika, nani alibeba?

Pita Bahati au Makongeni giza linapoanza kuingia, hutakosa kumsikia askari akimfokea kijana: "Wewe, toa kipande!" Kijana huchomoa kitambulisho mfukoni. Hakuna anayejiuliza kipande cha nini.

Neno hilo lilitiwa chumvi ya machozi zamani. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, mwajiri na ujira. Karatasi yenyewe ilitiwa katika kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni.

Sasa tutazame kazi zilivyogawanywa. Karani wa serikali aliandika. Mwajiri akaongeza siku ya kuajiri na siku ya kuachisha, na asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, basi huyo ni mtoro. Polisi alisoma. Na mwenye kipande je? Alibeba tu! Wengi hawakuweza hata kusoma walichoandikiwa.

Harry Thuku aliweza. Aliwahi kupanga herufi katika gazeti la walowezi, kisha akawa mpokea simu katika Hazina ya serikali. Aliijua safari ya habari kutoka mkono hadi mkono, na akakipinga kipande hadharani. Alikamatwa Machi 1922. Umati uliokwenda kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi.

Sheria ya 1947 ikaleta usajili wa watu wa rangi zote. Lakini Aprili 24, 1954, majeshi yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil. Wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani Eastlands, wakapangwa foleni. Mbele yao aliketi mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Haandiki, hasemi. Anatikisa kichwa, nawe unapelekwa Lang'ata, halafu Manyani au Mackinnon Road.

Watu walimwita gakunia. Katika Kikuyu kiambishi hicho cha mwanzo ni cha udogo, sawa na ki- yetu katika kipande: kijigunia, basi. Sidhani udogo huo ulikuwa wa mzaha. Aliyenaswa na kipande angalau angeweza kumtafuta msomi amsomee, ajue nani kaandika nini. Shahidi wa gunia hakuulizwa "Uliniona wapi?", wala jina lake halikutajwa.

Waliorudi kutoka kizuizini walirejea kwenye vyumba vya kubanana na mabomba ya maji ya pamoja. Ukisubiri ndoo ijae, ungewezaje kujua kama jirani anayekuamkua ndiye yale macho?