Vituo Vitatu na Maana ya "Ligi Kuu"

Rekodi za michezo huonekana kuwa hesabu tupu. Katika makala haya tunaonyesha kwamba hesabu hizo zina historia, na kwamba maana ya neno moja yaweza kuamua nani atajwe na nani asahaulike. Mfano wetu ni besiboli ya Marekani, hususan orodha ya wachezaji walioongoza ligi kwa mapigo ya vituo vitatu.

Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa kimraba, umbali wa mita 27 hivi kutoka kimoja hadi kingine. Mpigaji akiuvusha mpira juu ya uzio huvizunguka vyote bila haraka. Lakini ili afike kituo cha tatu kwa pigo moja mpira ukiwa bado uwanjani, hana budi kukimbia zaidi ya mita 80 kabla wapinzani hawajaurejesha. Ndiyo maana pigo hili ni adimu.

Bingwa wake ni Sam Crawford, aliyecheza kuanzia 1899 hadi 1917 na kuacha mapigo 309. Mwaka 1902 aliongoza Ligi ya Taifa akiwa Cincinnati. Mwaka uliofuata akaongoza Ligi ya Marekani akiwa Detroit. Anayemfuata ni Ty Cobb, mwenye 295. Rekodi ya msimu mmoja ni 36, iliyowekwa na Owen Wilson wa Pittsburgh mwaka 1912. Wakati huo viwanja vilikuwa vipana na mpira haukuruka mbali. Kuanzia 1920, enzi ya Babe Ruth, timu zilipendelea kuvusha mpira uzio. Curtis Granderson wa Detroit alipopata mapigo 23 mwaka 2007, idadi hiyo ilikuwa haijafikiwa tangu 1949.

Hata hivyo, Crawford, Cobb na Wilson walicheza katika ligi zilizowafungia mlango wachezaji weusi. Marufuku hayo hayakuandikwa katika kanuni yoyote, lakini yalifuatwa tangu miaka ya 1880 mpaka Jackie Robinson alipoingia Brooklyn mwaka 1947. Waliofungiwa walikuwa na ligi zao, ikiwemo iliyoanzishwa na Rube Foster mwaka 1920. Huko nako wapo walioongoza kwa vituo vitatu, ila ligi zao hazikuitwa "kuu".

Desemba 2020 wasimamizi wa besiboli walitangaza kwamba ligi saba za weusi za miaka 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu za wachezaji zaidi ya 2,000 ziliunganishwa na za wengine. Josh Gibson akampita Cobb kwa wastani wa kupiga: 0.372 dhidi ya 0.367. Kilele cha orodha ya vituo vitatu hakikubadilika, kwa kuwa misimu ya ligi hizo ilikuwa mifupi, na pigo huhesabiwa moja moja. Wastani husamehe ufupi wa msimu, jumla haisamehi.

Hivyo basi, haki iliyotendeka ni nusu. Neno lilipanuliwa, lakini michezo ambayo watu hao hawakuruhusiwa kucheza haiwezi kuhesabiwa. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tunapokutana na maneno kama "kuu", "rasmi" au "sanifu" katika matini ya historia, tuulize kwanza: ni nani aliyeyapa maana, na ni nani aliyebaki nje?