Jiwe la Vine Street: Kuwakumbuka Waliokaidi Utumwa

Katika bustani ya mtaa iliyoko Vine Street, mjini Oberlin, jimbo la Ohio, limesimama jiwe la kumbukumbu lenye majina ya wanaume Weusi watatu: Lewis Sheridan Leary, John A. Copeland na Shields Green. Wote walifuatana na mpinga utumwa John Brown kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry, Oktoba 1859. Leary alikufa kwa majeraha. Wenzake walinyongwa tarehe 16 Desemba. Chini ya jiwe hilo hakuzikwa mtu. Wazazi wa Copeland waliililia maiti ya mtoto wao, na James Monroe, profesa wa Chuo cha Oberlin, akafunga safari hadi Winchester, Virginia, kuifuata. Wanafunzi wa utabibu waliokuwa wameichukua wakakataa katakata kuitoa. Jiwe lilisimikwa makaburini mwaka 1865, na katika miaka ya 1970 likahamishiwa bustanini.

Naamini uhamisho huo ulikuwa wa haki. Makaburini walikuwa marehemu wa kuombolezewa. Bustanini wamerudishiwa hadhi ya raia waliotenda jambo la kisiasa, na kila mkazi apitaye anadaiwa kulitolea hukumu.

Jambo lenyewe lilianza kabla ya Harpers Ferry. Tarehe 13 Septemba 1858, John Price, mtoro kutoka Kentucky, alirubuniwa na kijana aliyemwahidi kibarua cha kuchimba viazi. Kijana alilipwa dola 20. Price akakamatwa njiani na kupelekwa hotelini katika mji jirani wa Wellington kungojea treni ya kwenda kusini. Habari zilipofika Oberlin, watu, Weusi kwa Weupe, wakatoka kwa farasi, kwa magari ya kukokotwa na kwa miguu, wakaizingira hoteli, wakamtoa na kumficha hadi alipovushwa Kanada. Leary na Copeland walikuwa miongoni mwao. Mbele ya Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850, iliyokataza kuwasaidia watoro, hao wote walikuwa wahalifu, na 37 walishtakiwa. Charles Langston, mwalimu Mweusi, alimweleza jaji waziwazi kwamba mtu wa rangi yake hakuwa na pa kukimbilia katika sheria za nchi hiyo. Alifungwa siku 20 na kutozwa faini ya dola 100.

Kwa hiyo bamba lolote la kumbukumbu linalosifu ujasiri bila kuitaja sheria iliyovunjwa linawapunja mashujaa hawa. Msomaji asiyeambiwa kwamba serikali ya shirikisho na mahakama zake zilisimama upande wa mwenye mtumwa atadhani wakazi wa Oberlin walipambana na majambazi tu.

Jiwe la Vine Street nalo lina upungufu. Linamhesabu Green kuwa raia wa Oberlin, ilhali alikuwa mtoro wa Charleston aliyekaa Rochester kwa mpinga utumwa Frederick Douglass. Maandishi ya 1865 yasiguswe, lakini maelezo sahihi yawekwe kando yake. Price naye anastahili zaidi ya kutajwa kama mtu aliyeokolewa. Ndiye aliyeanza kukaidi, pale alipovuka mto Ohio ukiwa umeganda barafu, kabla hajakuwapo wa kumtetea.

Hoja hii inatuhusu sisi wa pwani. Sanamu ya Mkunazini, Unguja, inaonyesha watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, na ni haki ituumize. Hata hivyo, mgeni anayeishia hapo ataondoka akiamini kwamba watumwa wa Afrika Mashariki walikaa wakingoja mikataba ya Waingereza. Waliotoroka mashamba ya miwa ya Pangani walijenga kijiji chao Makorora. Wengine wakajikusanya Fuladoyo, bara ya pwani ya Kenya. Walilima, wakajitawala na wakashika silaha kulinda walichokijenga. Pangani inahitaji jiwe lake, tena liwekwe mjini, karibu na kivuko, na liseme bila kuficha kwamba watu hao walijikomboa kabla utumwa haujafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.